Umeme wa Mama Goodness

Hapa Tianxiu, jengo la maduka na ofisi mjini Guangzhou, mimi najulikana kwa mdomo. Mwulize mlinzi wa chini ofisi ya Felisia iko wapi: atakunja uso kwanza, halafu ndiyo akuonyeshe lifti. Nimegombana na wenye magari ya mizigo. Nimegombana na wauza vitambaa wa soko la Zhongda waliotaka kunipunja mita. Kuna laobani mmoja, ndivyo tunavyowaita hawa matajiri wa viwanda, alinifungia mlango nikakaa kizingitini pake saa mbili nzima mpaka akafungua mwenyewe. Sasa mtu wa hivyo, siku aliyotakiwa kusema, alinyamaza. Nawaeleza yote, na atakayetaka kunitukana anitukane, nimeshajitukana vya kutosha.

Mtu mwenyewe anaitwa Aloyce. Mzaliwa wa Sumbawanga, mrefu, mpole, anatembea taratibu kama anayepita chumba chenye mtoto aliyelala. Alikuja Guangzhou miaka saba iliyopita kununua chaja za simu na spika, mzigo wa kila kijana anayetoka kwetu, na kama wenzake akapigwa vizuri tu: chaja mia tano, nusu yake hazichaji. Wengine wakipigwa hivyo wanarudi nyumbani, au wanaanza na wao kuwapiga wenzao. Aloyce akajifunza. Akakaa na mafundi viwandani, akala nao wali wa maboksi, akajua betri inavyotengenezwa na inavyoghushiwa, mwisho akawa wakala wa betri za sola, yule ambaye mteja wa Mbeya au Kahama anamwagiza halafu analala usingizi. Tulikodi ofisi pamoja ghorofa ya kumi na mbili. Meza yangu dirishani, yake mlangoni, katikati mabunda yangu ya vitambaa na maboksi yake.

Kazi aliifanya kwa ukaidi. Betri haipandi kontena mpaka yeye mwenyewe aijaze, aimalize yote kwa kuwashia hita, kisha aijaze tena. Betri moja, siku nzima. Huko bandarini Huangpu kontena linasubiri, dereva anapiga honi, na mimi napiga kelele: "Aloyce, meli haitakungoja wewe!" Anacheka tu. "Dada, kuna mama wa mtu atalala na hii." Hakuwahi kusema mteja. Alisema mama wa mtu.

Wa kwake aliitwa Mama Goodness, kwa jina la binti yake mkubwa. Aloyce ndiye kitinda mimba na mwana wa kiume pekee. Baba yao alifariki Aloyce akiwa darasa la tatu, na mama akawalea kwa chai na maandazi, kimeza chake nje ya geti la hospitali. Miaka yote hiyo aliamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha mkaa. Aloyce aliniambia kilichomuuma utotoni haikuwa njaa, ilikuwa kumsikia mama yake akikohoa moshi kila alfajiri. Kwa hiyo alipopata pesa hakununua gari. Alimjengea mama nyumba, akampelekea paneli za kujaa bati zima, betri mbili kubwa, inveta ya kuviongoza vyote, na birika la umeme.

Hizi betri za siku hizi si za kuwasha taa na basi. Mchana zinalishwa na jua, zinaihudumia nyumba, na kinachobaki zinaweza kukirudisha kwenye nyaya za mtaa, majirani wakatumia. Mtaa wa Mama Goodness uliingizwa kwenye majaribio ya namna hiyo: nyumba kama thelathini zenye betri, kila moja inaipa gridi kidogo jioni, watu wote wanapowasha vitu kwa mpigo. Kiasi gani kitoke na kiasi gani kibaki anaamua mwenye nyumba, kwenye simu. Na kwa nyumba ile, mwenye kuamua alikuwa Aloyce peke yake, kutoka huku Guangzhou. Mama alikuwa na kisimu cha tochi, na Goodness aliwahi kubonyeza asichokijua, nyumba ikalala gizani, Aloyce akambadilishia nywila asiingie tena. Kanuni yake ilikuwa moja: nusu ya betri ni ya mama, haiguswi. Gridi inapewa kinachozidi nusu.

Mama alijivuna, jamani! Kila baada ya misa alikuwa akiwaambia wenzake, "Mimi siku hizi naisaidia serikali umeme." Padri akimtania kwamba basi aombe cheo, anajibu ataomba uwaziri.

Kwenye simu ile kulikuwa na mstari unaoonyesha nyumba inatumia kiasi gani, saa baada ya saa. Mwingine angeuangalia siku mbili akauchoka. Aloyce aliusoma kama barua. Mama aliacha biashara ya chai, lakini kuamka hakuacha: saa kumi na moja kamili anachemsha birika, anajaza chupa, anawapelekea wagonjwa wawili watatu pale hospitali, bure. Saa kumi na moja alfajiri kule ni saa nne asubuhi huku. Basi kila siku saa nne, hata kama tuna wateja, Aloyce anatoa simu, anangoja, na mstari ukipanda kile kinundu chake anasema, "Mama kaamka." Siku kikichelewa anapiga. "Mama, leo mbona chai imechelewa?" Na yule mama upande wa pili anacheka mpaka anakohoa: "Wewe mtoto ni mchawi!"

Miaka mitatu nimesikia "mama kaamka" kila siku ya Mungu. Mpaka na mimi nikawa siwezi kuanza kazi kabla sijaisikia.

Mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya Jumatatu, Aloyce alipeleka pasipoti yake ofisi ya vibali kuongeza ukaazi. Ukiipeleka wanakaa nayo, wanakupa karatasi ya kuonyesha polisi mpaka siku ya kuichukua. Yake aliambiwa Alhamisi ya wiki inayofuata. Na Jumanne jioni, niko peke yangu naziba mabunda kwa gundi, simu ikalia. Goodness. Analia. Mama alianguka bafuni asubuhi, presha, wakamkimbiza hospitali ile ile aliyokuwa akiuza chai getini kwake, na hakufika hata wodini.

Nikakaa juu ya bunda. Goodness akampa simu baba yao mdogo, mzee Abeli.

"Mama," akaniita kwa heshima, ingawa umri wangu ni wa binti yake, "wewe ndiye katibu wa chama cha Watanzania huko, na kijana anakuita dada. Anaweza kusafiri?"

Nikamweleza habari ya pasipoti.

"Basi asiambiwe. Tuzike kwanza. Unajua utaratibu."

Utaratibu naujua. Kwetu mtu aliye ng'ambo peke yake hapewi msiba kwa simu. Anatafutwa mtu mzima wa kwao, anamkalisha, anahakikisha amekula, wenzake wamemzunguka, ndipo anaambiwa. Nimeshawaambia watu wanne hapa Guangzhou kwa njia hiyo, na wote walinishukuru. Wala sikumbishia mzee. Mimi, Felisia, ninayebishana mpaka na kipaza sauti cha lifti!

Ndipo Goodness akarudi kwenye simu na swali. "Dada, ataona. Ana ile kitu ya kwenye simu. Asubuhi mama hatachemsha chai, na yeye atajua."

Sikiliza nilichojibu. Nilijibu haraka, kama mtu anayetatua tatizo la mzigo: "Wewe chemsha. Saa kumi na moja kamili, birika lile lile."

Jumatano saa nne asubuhi Aloyce akatoa simu, akangoja, akatabasamu. "Mama kaamka."

"Mshukuru Mungu," nikasema. Nikatoka nje ya mlango, nikaenda kwenye ngazi ambako hakuna anayepita, nikalia nimejiziba mdomo na kitambaa cha sampuli. Mama yuko kwenye jokofu la hospitali, na binti yake anachemsha maji ambayo hakuna wa kuyanywa, kwa akili yangu mimi. Nikanawa uso, nikarudi, nikajikaza kisabuni. Alhamisi hivyo hivyo. Ijumaa hivyo hivyo.

Alipopiga ili aongee na mama, Goodness alimwambia mama amekauka sauti, daktari kamkataza kuongea mpaka wiki iishe. Aloyce akaamini. Akahangaika kutafuta dawa ya koo huku mtaani Xiaobei, ile ya mitishamba ya Kichina, akapata chupa mbili, akaziweka juu ya meza yangu. "Dada, ukipata msafiri wa nyumbani nisaidie." Nikaziweka kwenye droo. Nilitamani ardhi inimeze.

Ila msiba haufichiki kwa birika moja. Nyumba ikajaa watu, na mstari ukaanza kupanda. Aloyce akauliza, akaambiwa jumuiya ina semina, wageni wamefikia kwa mama. Akaguna. Mara mbili nilimwona ameshika simu amekunja uso, mara mbili nikambadilishia mazungumzo.

Ijumaa ndiyo siku mwili ulitoka hospitali. Ulikuwa ulale nyumbani kwake usiku wa mwisho, watu wakeshe nao, Jumamosi saa nne azikwe. Jioni hiyo nilimchukua Aloyce tukale kwa Mueni, Mkamba wa Machakos, ana chumba chake nyuma ya barabara anapika ugali na samaki kwa Waafrika. Kila jioni tangu Jumanne nilikuwa namlisha. Nilijiambia napeleka chakula mbele ya msiba, ili Jumapili nikimwambia awe na nguvu. Mueni alikuwa anajua yote, nilishindwa kumficha.

Aloyce alipoinuka kwenda kunawa, Mueni akanishika bega. "Aki Felisia, mwambie huyu mtu bana. Si mtoto huyu."

"Atafanya nini? Pasipoti hana."

"Nani alikudanganya haipatikani? Kariuki alifiwa na babake mwaka jana na yake ilikuwa huko huko. Alienda na barua ya hospitali na tiketi, wakampatia siku hiyo hiyo. Si ungeniuliza?"

Siku hiyo hiyo. Jumatano asubuhi ningeomba barua kwa Goodness, Jumatano jioni pasipoti, Alhamisi ndege. Ijumaa hii hii angekuwa anaingia Sumbawanga, amemshika mama yake mkono. Mimi ninayegombana na kila mtu sikugombana na karatasi. Sikuuliza hata mtu mmoja. Nilisikia neno la mzee na neno la ofisi nikayachukua yote mawili kama sadaka kanisani. Sasa ilikuwa saa moja ya Ijumaa jioni, ofisi zimefungwa, kaburi limeshachimbwa.

Aloyce akarudi na simu mkononi na uso umevimba kwa hasira. Sijawahi kumwona hivyo. Kule kwao ilikuwa saa nane mchana.

"Dada, angalia hii. Pampu haipumziki, friji mbili, na hii hapa ni spika, naijua, spika kubwa ya kukodi. Mama mgonjwa wa koo, daktari kasema apumzike, wao wanampigia kwaya ndani ya nyumba! Goodness namuuliza ananijibu ooh, wageni wa jumuiya. Jumuiya gani ya siku tatu? Mama hawezi kumfukuza mtu, hata mwizi atamkaribisha chai. Sasa nitawafukuza mimi."

"Achana nao, Aloyce," nikasema. "Kula."

"Hapana. Wiki hii gridi ina matengenezo, inakatika kila jioni saa moja, inarudi alfajiri. Wanakesha kwa betri yangu. Naiambia betri iipe gridi yote, kuanzia sasa mpaka saa kumi na mbili, na jua lote liende huko huko. Saa moja umeme wa mtaa ukikatika, betri haina kitu. Spika kimya, taa hakuna, kila mtu kwao. Mama alale. Chumbani ana kitaa chake cha kuchaji, kitamtosha."

Akaiweka simu mezani, katikati ya sahani yake na yangu. Niliona alama ya nusu, ile kanuni yake, akaivuta kwa kidole mpaka chini kabisa. Simu ikauliza kama ana uhakika. Mueni alikuwa amesimama na bakuli la mchuzi ananitazama mimi, wala hapepesi.

Nilijua. Nilijua spika ile ni ya nini, nilijua nani anakuja kulala kwenye nyumba ile usiku ule. Lakini nikisema "acha," atauliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, atauliza tangu lini. Nikimwambia tangu Jumanne, atauliza kwa nini hakupewa nafasi ya kusafiri, na jibu la hilo nimelipata dakika tano zilizopita. Niliogopa. Hiyo ndiyo kweli, haikuwa mila wala mzee Abeli, nilijiogopea nafsi yangu. Nikadonoa samaki.

Aloyce akabonyeza. "Afadhali," akasema, na akala vizuri, akaongeza na ugali.

Jumamosi saa nne asubuhi akatoa simu, akangoja. Nilikuwa nimempa kisogo, najifanya nahesabu majora. Dakika tano. Dakika kumi. Nikamsikia anaigonga simu na kucha.

"Dada Felisia. Mama hajaamka."

Sikugeuka.

"Nyumba haionekani kabisa. Umeme wa mtaa haujarudi, na betri ni ile niliyoimaliza mimi. Ngoja nimpigie Goodness." Akapiga. Haipatikani. Akampigia mzee Abeli. Haipatikani. Akampigia jirani. Akanitazama, na safari hii uso wake ulikuwa wa mtoto wa darasa la tatu. "Kuna nini?"

Mzee alisema baada ya mazishi. Lakini zilibaki saa tano, na nilidhani angalau kwa simu atawakuta, atamwona mama yake hata kwenye kioo cha simu. Nikafunga mlango wa ofisi. Nikakaa mbele yake, nikamshika magoti kama inavyotakiwa, na yale maneno yote ninayoyajua ya kuandaa mtu yakanipotea.

"Mama ametutoka, Aloyce. Anazikwa leo."

Hakupiga kelele.

"Lini?"

"Jumanne."

Akafikiri. Nilimwona anazipanga siku. "Jumatano nilikwambia mama kaamka. Ukasema mshukuru Mungu."

"Ndiyo."

"Nani alichemsha?"

"Goodness."

Basi hapo ndipo alipolia. Si kilio cha wanaume wetu cha kukaza meno. Alilia kwa sauti, kichwa juu ya maboksi, mpaka mama wa Kichina wa duka la jirani, anayeuza taa za mapambo, akaja kuchungulia, akaelewa bila kuambiwa, akaenda kuzima taa zake zote na kurudi na machungwa kwenye mfuko. Nikawaita watu. Mueni akafunga biashara akaja na chai. Wakaja Lucas, mnunuzi wa nguo wa kutoka Dodoma, na Nassor wa Mombasa, wakazitoa meza nje, wakasukuma majora yangu ukutani, tukakaa sakafuni.

Na Aloyce akaanza kupiga simu. Kila mtu aliyemkumbuka Sumbawanga, akampigia. Goodness, mzee Abeli, binamu, mwenyekiti wa kwaya, hata fundi aliyemfungia paneli. Zote hazipatikani. Mmoja alipokea, dereva wa bodaboda, akasema yeye yuko Mpanda tangu juzi. Hatukuelewa. Tulidhani minara imezimika kwa mvua. Aliendelea kupiga mpaka simu yake ikawa ya moto, Nassor akampa ya kwake.

Ilipofika saa tisa alasiri, kwao saa nne, akasimama. Akafanya ishara ya msalaba.

"Wanamshusha sasa hivi," akasema. Hakuna aliyekuwa na uhakika, lakini tukasimama wote, na Lucas akaanzisha sala ya kuwaombea wafu, na Nassor ambaye si wa dini yetu akainamisha kichwa. Mtoto wa kiume pekee, anayetakiwa kutupa udongo wa kwanza, alikuwa amesimama ghorofa ya kumi na mbili katikati ya vitambaa vyangu, mikono mitupu.

Goodness alipiga saa moja jioni. Aloyce akaweka sauti ya nje, hakuwa na nguvu za kuishika simu sikioni.

"Mdogo wangu, umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

Walilia pamoja muda mrefu. Kisha Goodness akaomba msamaha kwamba simu zao zilizimika zote, umeme wa mtaa haukurudi alfajiri kama siku zote na mvua haikuacha jua litoke, ndiyo kwanza wamezichaji parokiani. Na akaanza kueleza, kama wafiwa wanavyoeleza, kila kitu kwa mpangilio, asijue anamwambia nani nini.

"Mama alifika nyumbani saa kumi na mbili, kanisa zima limejaa uani. Saa moja giza. Tukasema betri ipo, tukangoja, betri haipo. Sijui imepata nini, Aloyce, haijawahi kutufanyia hivyo. Jenereta hatukuwa nayo, nani anakodi jenereta kwenye nyumba yako? Mvua nayo ikaanza, watu tukabanana ndani na jeneza. Tukawasha tochi za simu tumzunguke nazo, zikaisha moja baada ya nyingine. Wazee waliotoka vijijini walikuja kumuaga mama ili asubuhi mapema warudi, wakamuaga kwa kupapasa. Shangazi alimshika uso kwa mikono, anasema naomba nimwone tu, naomba nimwone. Baba mdogo akasema, mpigieni Aloyce, yeye akiwa huko huko anaweza kuwasha. Kila mtu akasema mpigieni Aloyce." Akavuta pumzi. "Simu yangu ilikuwa na chaji kidogo bado. Nikaishika. Nikaogopa, utaniuliza taa za nini."

Aloyce alimwacha amalize, akamwambia apumzike, akamshukuru kwa yote aliyomfanyia mama, kwa sauti yake ile ile ya upole, na akakata. Hakumwambia. Mpaka leo hajamwambia, Goodness anadhani betri iliharibika, na mimi nimekatazwa kusema.

Wengine walikuwa wametoka kununua maji. Tulibaki mimi na Mueni. Aloyce akalivaa koti, akaichukua ile simu, akaitazama pande zote mbili kama kitu alichookota.

"Dada Felisia, jana pale mezani. Uliniona nabonyeza."

"Nilikuona."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Nilingoja anitukane. Haki ya Mungu, nilitamani anipige. Akafungua mlango, akasimama, na bila kugeuka akasema:

"Kama kusema ulishindwa, dada, ungenishika mkono tu."